Gambuti ya Ngendo Haikuwa na Shimo

Hii story ukisimuliwa kwa stage utasema mtu amekunywa kitu. Lakini ilitokea, hapa hapa Kiuu, Ruiru, na walioiona wako hai na wanakula chapati. Fundi wa viatu alichukua gambuti ya mwanamke, akaijaza maji, akaitundika kwa msumari, na kabla hiyo maji itulie akawa amejua kitu ambacho mwanamke mwenyewe hakuwa anajua. Kwamba mtoto aliye tumboni mwake ako hatarini.

Weka chai chini kwanza. Utaimwaga.

Saa moja asubuhi, jua la Kiuu bado linajivuta, na Ngendo ameshapanda juu ya kapeti. Ni kapeti nyekundu, kubwa ya kujaza sebule ya watu wenye sebule, imelazwa kwa simiti nyuma ya carwash. Ngendo anatembea juu yake na brashi ya mpini mrefu, anasukuma povu mbele, anarudi, anasukuma tena. Miguuni ana gambuti nyeusi, zile buti ndefu za mpira. Ya kulia ni gambuti tu. Ya kushoto ndiyo yenye story.

"Simama hapo kando nisikurushie," anasema bila kuinua kichwa. "Hii ni ya mama mwenye watoto watatu na paka. Nilijua kabla aniambie. Kapeti haifichi mtu."

Ngendo ana miaka ishirini na saba. Vijana wanaosha magari pale mbele, yeye anaosha kapeti huku nyuma, na hakuna anayeingilia kazi ya mwenzake. Kwanza unapiga vumbi itoke. Halafu maji, sabuni, brashi. Halafu unasuuza, unavuta maji na kile kipande cha mpira chenye mpini, unaviringisha, unasimamisha kwa vyuma ichuruzike. Analipwa kwa kapeti, mia moja na hamsini kwa ya kawaida, na mvua ikinyesha hakuna anayeleta kapeti.

"Shida ya hii kazi ni moja," anasema. "Unalowa. Nguo inalowa, aproni inalowa, hadi mawazo inalowa. Ukiniona natoka hapa kavu, jua nilikuwa nimelala."

Shika hiyo maneno vizuri. Ndiyo ilitaka kumponza.

Ilikuwa Julai mwaka jana. Watu wa Ruiru wanaijua Julai: wingu linakaa juu kama kifuniko cha sufuria kutoka asubuhi hadi jioni, na maji ya mfereji inauma mpaka kwa mfupa. Ngendo alikuwa na mimba ya wiki thelathini na tano, mimba yake ya kwanza. Mume wake, Gichuru, anayepakia maboksi ya juisi kwa kiwanda kule Industrial Area ya Thika, alikuwa amemwambia aache kazi apumzike. Ngendo akamwambia ataacha mwisho wa mwezi.

Jumatatu moja, akiwa katikati ya kapeti, akasikia kitu kwa gambuti ya kushoto. Maji. Chwap, chwap, kila hatua.

"Nikajua gambuti imepasuka," anasema. "Mtu wa kazi yangu hiyo ndiyo kitu ya kwanza anafikiria. Gambuti ikipiga kelele, imetoboka. Sasa hapo utafikiria nini ingine?"

Akaivua, akaimwaga, akavaa. Kabla ya chai ya saa nne ilikuwa imerudi kwa chwap chwap zake. Na hapa ndipo kuna kichekesho ambacho hakichekeshi: hiyo maji ilikuwa na joto.

"Na nilifurahi!" Ngendo anaegemeza brashi ukutani ndio acheke vizuri. "Uuui, nilifurahi. Mguu wa kulia umeganda kama samaki wa friji, wa kushoto uko na joto ni kama umefunikwa blanketi. Nikasema, Ngai, asante, kama lazima gambuti itoboke, angalau hii imetoboka vizuri."

Muoki, kijana Mkamba anayeosha magari pale mbele, alimwona akiimwaga mara ya tatu.

"Wewe Ngendo, umechimba kisima huko ndani?"

"Nyamaza Muoki. Osha gari za wenyewe."

"Peleka hiyo kitu kwa mzee Absalom aibandike. Ama ungoje uote mapezi."

Hakuenda siku hiyo. Kulikuwa na kapeti za kanisa na kanisa halingoji. Nyumbani, usiku, nguo ya ndani ilikuwa inalowa pia, lakini hiyo nayo ilikuwa na jibu lake. Mama yake alikuwa amemwambia kwamba mwanamke akikaribia kuzaa, mtoto hukalia kibofu na mkojo unaponyoka bila ruhusa.

"Nyumbani nililaumu kibofu, kazini nikalaumu gambuti," anasema. "Kila kitu kilikuwa na wa kulaumiwa. Sikuwa na uchungu, sikuwa na damu, mtoto anacheza. Ningeogopa nini?"

Kibanda cha Absalom Wamalwa kinaangaliana na carwash, upande ule mwingine wa barabara. Ni mabati na mbao, ukubwa wa kabati, na mzee amekaa hapo miaka mingi hadi watu wa Kiuu wakielekeza mgeni wanasema "ukifika kwa Absalom, pinda." Ni mtu wa Bungoma, anakaribia miaka sitini, na anaongea hata akiwa na misumari mdomoni.

Jumanne asubuhi Ngendo akamletea gambuti. Mzee akampa slipas za wateja avae akingoja, akamwonyesha pa kukaa kwa benchi, karibu na wanaume wawili waliokuwa wanangoja viatu vyao.

"Imekusumbua wapi, mama?"

"Inaingiza maji, baba. Lakini sioni pahali."

Absalom akaipapasa na kidole gumba, akaikunja kisigino, akaikunja ubavu. Hakuna. Akaufinya mdomo wa gambuti kwa mkono, akaizamisha kwa beseni vile mtu wa pancha hutafuta shimo kwa tyubu. Akangoja kiputo cha hewa kitoke. Hakikutoka hata kimoja. Akaitoa, akaifuta nje ikakauka kabisa, akaijaza maji hadi juu ya kifundo, akaitundika kwa msumari na kutandika gazeti chini yake.

Kiraka alikuwa ameshakikata, kipande kizuri cha tyubu ya lori. Gundi ilikuwa wazi. Lakini gazeti likakaa kavu.

"Alinyamaza," Ngendo anakumbuka. "Absalom hajawahi kunyamaza. Mimi nikafikiria labda anataka kuniambia ninunue zingine."

Halafu mzee akauliza swali moja. "Hiyo maji ya ndani huwa baridi ama moto?"

"Moto, baba. Na hiyo ndiyo raha yake."

Mzee akatupa jicho kwa tumbo la Ngendo, halafu akaliondoa haraka, kama mtu ameangalia ndani ya nyumba ya wenyewe. Akageuka akampa mgongo. Akaishika ile gambuti na mikono miwili, pale pale iliponing'inia, na akaanza kuiongelesha.

"Wewe gambuti," akasema, "wewe huna makosa. Nimekuangalia chini, nimekuangalia juu, huvuji. Sasa kama maji haipiti kwako kuingia, na maji iko, na ni ya moto, basi inatoka kwa yule anakuvaa. Na yule anakuvaa si peke yake. Mwambie aende hospitali. Usimwambie kesho. Mwambie sasa."

Mmoja wa wale wanaume kwa benchi akacheka. Ngendo naye akaanza kucheka. Halafu mkono wake ukaenda wenyewe kwa paja, ukakuta nguo imelowa, na siku hiyo alikuwa bado hajagusa hata ndoo ya maji.

"Hapo kicheko kilikatika," anasema. "Nilisikia mwili wote umekuwa baridi kama ule mguu wa kulia."

Ukimuuliza Absalom leo kwa nini aliongea na kiatu badala ya mwenye kiatu, anapiga msumari wake hadi uingie wote kabla ya kukujibu.

"Huyu ni rika ya mke wa mwanangu," anasema. "Vile mimi nililelewa, siwezi kumwangalia machoni nimwambie mambo ya mwili wake, tena mbele ya wanaume. Lakini gambuti si bibi ya mtu. Gambuti naweza kuiambia chochote."

Sasa, pale carwash kulikuwa na Probox ya Mwas. Mwas ni muuza mayai kutoka Thika, na Muoki alikuwa ndiyo tu ameipaka gari yake povu kutoka bampa ya mbele hadi ya nyuma. Ngendo akavuka barabara na slipas za watu, ameshika tumbo, uso umebadilika. Muoki akaachilia mpira wa maji ukacheza peke yake kama nyoka.

"Mwas! Gari!"

"Haijasuuzwa!"

"Itasuuzwa na upepo! Huyu ni mtoto anataka kutoka!"

Kliniki yake Ngendo ilikuwa Thika, kwa hospitali ya serikali alikokuwa amepanga kuzalia ili awe karibu na mama yake, anayekaa Kiandutu, hapo hapo Thika. Kwa hivyo walioiona siku hiyo kwa Thika Road hawakuwa wanaota: Probox nyeupe kama kondoo, waipa inafuta povu kwa kioo, mapande ya sabuni inarukia magari ya nyuma.

"Watu walikuwa wananipigia honi, wanafikiri gari inaungua," anasema Mwas. "Na mimi nilikuwa naogopa kitu moja tu. Nikamwambia, siste, vumilia, usizalie kwa trei ya mayai."

Wodi ya wajawazito, Ngendo alipokelewa na Sista Perez, muuguzi mnene mwenye sauti ya mwalimu wa mchezo. Ngendo akaeleza kila kitu, gambuti, joto, kibofu, fundi. Sista Perez hakucheka. Akamlaza, akamkagua kwa taa bila kuingiza vidole, akamwambia akohoe. Alipokohoa, maji ikaonekana.

"Chupa imepasuka, mami," akasema. "Hiyo ni maji ya mtoto. Na haijaanza leo."

"Nilimuuliza swali ya kijinga," Ngendo anasema, akijifunika uso. "Nilikuwa natoka kwa fundi, akili bado iko kwa kiraka. Nikamuuliza, sasa mtaiziba?"

Hakuna kiraka cha hapo. Sista Perez akavuta kiti, akamweleza polepole, na Ngendo anairudia leo kama mtu aliyeshika wimbo. Mtoto huishi ndani ya mfuko wa maji, na huo mfuko ndio mlango wake. Ukipasuka mapema, wadudu wanaweza kupanda kutoka chini, wamshike mama, wamshike mtoto. Mama anaweza kuanza homa akiwa sawa asubuhi, awe mahututi jioni. Na mtoto wa wiki thelathini na tano ni mkubwa, lakini mapafu yake bado inamalizia kazi.

Daktari akaja, akapima. Hakukuwa na homa. Maji ilikuwa safi, haina harufu. Moyo wa mtoto ulikuwa unapiga vizuri na uchungu haujaanza. Akamwambia njia ziko mbili. Wanaweza kuanzisha uchungu sasa, mtoto azaliwe mapema na pengine asaidiwe kupumua. Ama wanaweza kumwacha akomae siku kadhaa, mama akiwa amelazwa, anaangaliwa kila saa, na anakunywa antibiotiki ya kuwazuia wale wadudu. Kitu kikibadilika, hata kidogo, hawangoji.

"Akaniuliza mimi ninataka gani," Ngendo anasema. "Mimi! Nikampigia Gichuru simu, kiwandani kelele, hasikii. Nikachagua peke yangu. Nikasema akae. Lakini mniangalie."

Dawa ilikuwa tembe za erithromaisini, mara nne kwa siku. Sista Perez akamkazia macho. "Hii haizibi, na hairudishi maji. Kazi yake ni kulinda mlango tu. Ukiruka moja, umempa mlinzi likizo. Tumeelewana?"

Jioni hiyo Muoki akapiga simu, na Ngendo akaiweka kwa spika kwa sababu mkono mmoja ulikuwa na sindano ya dripu.

"Si wakupee hizo dawa ukae nyumbani?" Muoki akapiga kelele. "Antibiotiki ni antibiotiki. Hata mimi naweza kukununulia hapa kwa duka la dawa, yule jamaa ananijua."

Sista Perez alikuwa kitanda cha pili. Akainamia ile simu. "Wewe kijana. Kuna antibiotiki zingine zinaweza kuumiza matumbo ya huyu mtoto. Hata ikiwa hii yenyewe, nani atapima joto yake huko, wewe? Osha magari."

Simu ikakatika. Wodi nzima ikacheka, na Ngendo anasema hiyo ndiyo mara ya kwanza alipumua tangu asubuhi.

Lakini hizo tembe hazikuwa rafiki. Siku ya pili tumbo likaanza kumchafuka, siku ya tatu akatapika uji wote. Mama yake, Wamboi, alikuwa anatembea na miguu kutoka Kiandutu na flaski ya ucuru, ule uji wa Kikuyu, na alipomwona anatapika akakunja uso.

"Ngendo, hii dawa inakutoa matumbo, huko ndani inafanyia mtoto nini?" akanong'ona. "Mimi nimezaa watano na sijawahi kumeza hata kidonge. Ruka hii ya mchana. Hakuna mtu ataona."

"Maitu, sista alisema—"

"Sista hajabeba hiyo mimba."

Ngendo akabaki na tembe kwa kiganja. Ilikuwa saa ya wageni, muuguzi ako mbali, na kichefuchefu kilikuwa kimemjaa hadi kooni. Na ukweli ni kwamba alikuwa anajisikia sawa. Hana homa. Hana maumivu. Ni nini mtu angeharibu na kuruka moja?

"Nikafikiria kapeti," anasema. "Kapeti inataka isuuzwe mpaka povu iishe. Ukichoka ukaacha sabuni kidogo ndani, ukiangalia iko safi, mwenyewe anachukua, anashukuru. Lakini ile sabuni imebaki ndiyo inashika uchafu. Wiki mbili anairudisha ikiwa mbaya kuliko mwanzo. Nimeona hiyo mara nyingi sana. Nikasema hapana, hii nitasuuza mpaka mwisho."

Akaimeza. Ikarudi. Akamwita Sista Perez akamwambia ukweli, na sista hakumgombeza. Akampa nyingine, akasema anywe akiwa amekula, si tumbo tupu, na kila akitapika aseme, asifiche. Halafu akamgeukia Wamboi.

"Shosh, wewe ndiye mwenye uji?"

"Ni mimi."

"Basi wewe ndiye mwenye hii kazi. Uji kwanza, dawa nyuma yake. Ikichelewa nitakuuliza wewe."

Usimpe mama wa Kiandutu cheo kama hutaki kitumike. Kutoka hapo Wamboi akageuka askari. Saa ya dawa ikikaribia anakohoa. Ikifika anasimama. Muuguzi akichelewa na kitoroli, anamfuata hadi mwisho wa wodi na flaski mkononi. "Mtoto wangu amekunywa uji, uko wapi wewe?"

Asubuhi kila siku ilikuwa na mpango wake. Joto, mapigo ya moyo, tumbo lipapaswe kuona kama linauma, moyo wa mtoto usikizwe. Na pedi iangaliwe, rangi na harufu. Hiyo ya mwisho ndiyo ilikuwa inamtesa Ngendo.

"Mimi nikinusa kapeti naweza kukuambia imelala na maji tangu lini," anasema. "Ile harufu ya kuoza haifichiki. Sasa nilikuwa najinusa mimi mwenyewe. Kabla sista afike nimeshanusa. Kila asubuhi naogopa, nanusa, hakuna kitu, nalala tena kidogo nikilia. Si kwa huzuni. Ni vile tu nimepita siku ingine."

Na siku zikapita hivyo, moja moja, hadi Jumatatu, wiki nzima tangu ile chwap ya kwanza. Saa tatu asubuhi uchungu ukaja wenyewe. Saa nane mchana mtoto akaja, msichana, kilo mbili na nusu kasoro kidogo, na akalia kabla hata hajatoka wote.

"Nilisikia hiyo sauti nikasema, haya, mapafu imemaliza kazi," Ngendo anasema.

Lakini Sista Perez akamfuta, akamwonyesha mama uso wake, halafu akamchukua. Maji ilikuwa imetoka siku nyingi, akaeleza, kwa hivyo hawabahatishi. Lazima aangaliwe kwa chumba cha watoto wachanga, apimwe damu, waone kama kuna mdudu aliyempita mlinzi. Gichuru akafika mbio kutoka kiwandani, bado na ile neti ya nywele kichwani, akakuta kitanda kina mama bila mtoto. Rangi ikamtoka.

"Ako wapi?"

"Wanamwangalia."

"Wanamwangalia nini?"

Wamboi akamvua ile neti, akaikunja, akaiweka mfukoni mwake. Wakakaa hivyo watatu, wanaangalia mlango.

Jumatano, baada ya chakula cha mchana, sauti ya mwalimu wa mchezo ikasikika kutoka korido kabla mwenyewe aonekane.

"Ngendo! Kuja uchukue mzigo yako! Inalia imechosha wenzake!"

Damu safi. Hana homa. Ananyonya kama ana deni na ziwa. Wamboi akapiga ngemi, vile vigelegele vya Kikuyu, mpaka mlinzi wa geti akaja kuuliza kama kuna shida, na Gichuru, mwanaume wa kubeba maboksi mchana kutwa, akakaa sakafuni. Mtoto akaitwa Wanja, jina la mama yake Gichuru, vile Wakikuyu hufanya kwa msichana wa kwanza. Muoki naye ana jina lake: anamwita Kagambuti, na ameonywa, na hasikii.

Sasa ngoja, kuna kitu kilikuwa kimesahaulika. Gambuti.

Ngendo alikuwa amekimbia na slipas za mzee. Aliporudi Kiuu na mtoto kwa shuka, alienda moja kwa moja kwa kile kibanda kuzirudisha. Akaikuta gambuti yake pale pale kwa msumari, imejaa maji, na gazeti jipya chini yake.

Kumbe Absalom hakuwa ameiteremsha. Kila asubuhi akifungua, anaangalia gazeti.

"Nilikuwa naogopa," mzee anasema, na safari hii anaacha nyundo kabisa. "Nimesema maneno mazito kwa bibi ya watu, mbele ya watu. Amekimbia, sijui kumeendaje. Nikasema, nikiona tone moja tu kwa hili gazeti, nitakuwa nimemwaibisha bure, na nitafunga hiki kibanda nirudi Bungoma. Halikulowa. Hata siku moja."

Ngendo akamshikisha mtoto. Mzee akamwangalia Wanja, akamrudishia mama yake. Halafu akaiteremsha gambuti, akamwaga maji nje, akaifuta na kitambaa ndani na nje. "Umemaliza kazi," akaiambia. "Rudi nyumbani." Hakuchukua hata ndururu.

Leo Wanja anatambaa. Saa nne kamili Wamboi anamleta carwash anyonye. Alikuja Kiuu kusaidia wiki mbili na hajarudi Kiandutu mpaka leo. Ngendo anakaa kwa benchi moja ambayo ameitengeneza yeye mwenyewe na mbao za paleti za mizigo, na juu ya hiyo benchi kuna nguo zimekunjwa kwa mfuko wa plastiki. Kavu.

Ndiyo mwanzo wa mpango wake. Anataka kufungua pahali pake Thika, karibu na viwanda, penye paa ili kapeti zikauke hata Julai, na awaandike wanawake wengine.

"Na nitakuwa na sheria moja," anasema. "Mwanamke mwenye mimba, ikifika saa nne unatoka kwa maji. Unavaa kavu, unakaa. Ukilowa tena na umekaa, hakuna cha gambuti, hakuna cha kibofu. Unaenda hospitali. Usipitie hata kwa Absalom."

Anacheka, anampa Wamboi mtoto, anavaa gambuti. Ya kulia, halafu ya kushoto. Anarudi kwa kapeti nyekundu.

Na wewe unayesoma hii umeshika simu, jiweke kwa kile kibanda dakika moja. Kiraka umeshakikata. Gundi iko wazi. Mteja mwenyewe anataka ubandike tu arudi kazini, na wanaume wawili kwa benchi wanakuangalia mdomo. Ungebandika aende na amani yake? Ama ungegeuka, umpe mgongo, uanze kuongea na gambuti?